Picha Nyeusi na Nyeupe, na Mashindano Yake

Hotuba iliyosomwa ukumbini katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani



Katibu wa chama chetu aliponiandikia kuniomba niseme nanyi, alitaka niseme juu ya utumishi wa umma, kwa kuwa ndiyo kazi yangu. Nilimjibu kwamba habari za mafaili mtazipata kwa wingi siku mtakapoajiriwa, wala hakuna haja ya kuwaharibia Jumamosi yenu mapema. Nikaomba niseme juu ya jambo ninalolifanya jioni na siku za mapumziko, ambalo nililianza hapa hapa shuleni. Jambo lenyewe ni kupiga picha nyeusi na nyeupe, na kuzipeleka katika mashindano ya wapiga picha wa ridhaa. Katibu alikubali. Hata hivyo, mtaona mbele kwamba sikuukwepa utumishi wa umma kama nilivyodhani.

Chumba cha giza

Sisi tuliosoma hapa katika miaka ya tisini tunakikumbuka chumba kidogo nyuma ya maabara ya kemia, kisichokuwa na dirisha. Mwalimu wetu wa kemia alikifanya kuwa chumba cha giza cha chama cha wapiga picha. Humo mlikuwa na mashine moja ya kukuzia picha, trei tatu za plastiki, taa nyekundu, na kamera moja ya Zenit kutoka Urusi, nzito kama tofali. Mkanda mmoja ulikuwa wa picha 36, nasi tulikuwa wanachama kumi na wawili. Kwa hiyo kila mmoja wetu alipata picha tatu kwa muhula. Ukizimaliza kwa kuwapiga rafiki zako wakichekacheka chini ya mwembe, basi, unangoja muhula ujao.

Ningependa vijana wajue kilichokuwa kikitendeka humo gizani, maana siku hizi picha hutokea mara tu mtu abonyezapo simu, na ni rahisi kudhani kwamba hutokea bure. Juu ya mkanda umepakwa utando wa jelatini, na ndani ya utando huo mna chembe ndogo sana za chumvi za fedha. Sisemi fedha ya kununulia maandazi. Nasema fedha ya madini. Mwanga ukizigusa chembe hizo huziachia alama isiyoonekana kwa macho. Dawa ya kwanza huzigeuza zile zilizoguswa kuwa fedha halisi, ambayo kwa udogo wa punje zake huonekana nyeusi. Dawa ya pili, ambayo mwalimu alituandikia ubaoni kuwa ni thaiosalfeti ya sodiamu, huziyeyusha na kuziondoa chembe ambazo hazikuguswa. Mwingereza John Herschel alikwisha gundua mwaka 1819 kwamba chumvi za namna hiyo huyeyusha chumvi za fedha. Miaka ishirini baadaye, mwaka 1839, ufundi wa picha ulipotangazwa ulimwenguni, ujuzi huo ndio uliowezesha picha kutazamwa mchana bila kumezwa na weusi.

Shida yetu kubwa ilikuwa joto. Maelekezo ya dawa ya Kodak D-76 hutaja nyuzi 20 za sentigredi, na maji ya bomba letu saa nane mchana yalifika nyuzi 27 au 28. Dawa ikiwa na joto kubwa hufanya kazi upesi mno, mkanda ukawa mweusi kupita kiasi. Barafu hatukuwa nayo. Mwalimu akaagiza mtungi wa udongo kutoka sokoni, tukaujaza maji usiku na kuuweka penye upepo. Maji hujipenyeza polepole katika udongo, hukauka kwa nje, na katika kukauka hubeba joto. Asubuhi tulizilaza chupa za dawa katika karai la maji ya mtungi. Siku hiyo nilielewa somo la mvukizo ambalo katika darasa la fizikia lilikuwa limenipita kando.

Lakini kitu kikubwa nilichokichukua katika chumba kile si mvukizo. Mwalimu alikuwa na sharti moja. Hakuturuhusu kuitupa karatasi ya picha iliyoharibika mpaka tuandike nyuma yake, kwa penseli, kosa lililofanyika na aliyelifanya. "Mwanga umezidi." "Dawa imechoka." "Nilitikisa mashine." Karatasi hizo alizitunza katika boksi la viatu. Sisi tuliona ni ukali usio na maana. Nitalirudia boksi hilo baadaye.

Rangi inapoondoka

Mara nyingi nimeulizwa kwa nini mtu mwenye kamera ya kisasa, yenye uwezo wa kuona rangi zote, akapiga picha za kijivu. Jibu langu ni kwamba rangi husema kwa sauti kubwa. Ikiondoka, ndipo tunaposikia mambo mengine: mwanga unatoka wapi, mkono umekunjamana namna gani, ukuta ni laini au umeparuzika, nani amemgeukia nani.

Hata hivyo, kuondoa rangi kuna mitego yake, na kijana anayetaka kushindana hapana budi aijue. Mathalani, mwanamke aliyevaa kanga nyekundu akisimama mbele ya mgomba, macho yetu humwona mara moja, maana wekundu na kijani hugombana. Katika picha ya kijivu rangi hizo mbili zaweza kuwa kijivu kimoja, yule mwanamke akazama katika majani kama hakuwapo. Rangi ya manjano, kwa upande mwingine, hutokea nyeupe au karibu na nyeupe, nayo huvuta jicho hata kama kitu chenyewe ni kidogo. Shikeni neno hilo la manjano, litanirudia.

Anga nalo ni hivyo hivyo. Anga la buluu hutokea jeupe, na mawingu meupe hupotea ndani yake. Wapiga picha wa mkanda huweka mbele ya lenzi kioo cha rangi. Cha manjano hulitia anga giza kidogo, cha rangi ya chungwa zaidi, na chekundu hulifanya kama la dhoruba. Kwa kamera za leo, piga picha yako na rangi zake zote, uitunze, halafu katika kompyuta uchague kila rangi igeuke kuwa kijivu cha kiasi gani. Kanuni ni ile ile, ila kioo kimehamia ndani ya mashine.

Jambo la tatu latuhusu sisi hasa. Kipima mwanga cha kamera hakijui kinachokitazama. Kimetengenezwa kudhani kwamba kilicho mbele yake, kwa wastani, ni kijivu cha kati, kile kinachorudisha takriban asilimia 18 ya mwanga. Mweke mzee mwenye ngozi nyeusi mbele ya ukuta uliopakwa chokaa, na kamera, kwa kuuona weupe mwingi, itapunguza mwanga. Uso wa mzee utatokea kama kivuli kisicho na macho. Wengi husema kwamba watu weusi ni wagumu kupigwa picha. Si kweli. Ugumu uko kwa mpiga picha mvivu. Sogea karibu, pima mwanga wa uso wenyewe, au mwite mzee aketi barazani, penye kivuli na mwanga wa upande mmoja, na mikunjo yote ya uso wake itasomeka kama maandishi.

Mashindano na masharti yake

Sasa niseme juu ya mashindano. Liko shirikisho la kimataifa la vyama vya wapiga picha, liitwalo kwa kifupi FIAP, lililoundwa mwaka 1950 huko Uswisi. Chini ya udhamini wake, na wa vyama vingine vikubwa, hufanyika mashindano mengi kila mwaka, na mtu wa ridhaa aliye Songea au Kisumu aweza kushiriki kwa kulipa ada na kutuma picha zake kwa kompyuta. Kwa kawaida huruhusiwa picha nne katika kila fungu. Waamuzi hupitisha picha nyingi mno kwa siku, na kila picha hupata sekunde chache tu mbele ya macho yao, kisha hutoa alama. Picha zenye alama za kutosha hukubaliwa, na chache miongoni mwa hizo hupata nishani.

Masharti ya fungu la picha za rangi moja ni wazi. Picha ya kijivu, kutoka kijivu cha giza sana hadi kijivu cheupe sana, ni ya rangi moja. Ukiitia yote rangi moja, kama ile kahawia ya picha za mababu, bado ni ya rangi moja. Lakini ukiitia sehemu tu, au ukaacha ua moja jekundu katikati ya kijivu, umekwenda katika fungu la rangi, na hapa utakataliwa.

Kuna sharti lingine ambalo ndilo kiini cha hotuba yangu. Katika mafungu yanayodai ukweli, yaani ya habari, ya maisha halisi na ya wanyama na mimea, hairuhusiwi kuongeza wala kuondoa kitu kilichokuwamo. Kukata kingo za picha kwaruhusiwa. Kugeuza rangi kuwa kijivu kwa kawaida kwaruhusiwa. Kulitia giza pembe moja na kuling'arisha lingine kwa kiasi, kama tulivyofanya zamani kwa kuukinga mwanga na kiganja chini ya mashine ya kukuzia, kwaruhusiwa. Kufuta, hapana.

Wengi huona tofauti hiyo ni ndogo. Katika mashindano ya World Press Photo ya mwaka 2010, ambayo ni ya waandishi wa picha wenye kazi hiyo, mpiga picha mmoja alinyang'anywa ushindi wake. Alikuwa ameikata sana picha yake na kuigeuza kuwa nyeusi na nyeupe yenye chembe nzito, na hayo hayakuwa kosa. Kosa lilikuwa kwamba alifuta kipande cha mguu wa mtu kilichojitokeza nyuma ya mkono. Kipande cha mguu tu! Wakati huo mimi nilisoma habari hiyo gazetini nikacheka, nikasema hao waamuzi hawana kazi.

Fundi wa Kunduchi

Mwaka 2018 nilikwenda Kunduchi asubuhi moja ya Jumapili, mapema, jua likiwa bado chini. Nilimkuta mzee mmoja akikalafati mashua iliyoegeshwa mchangani. Nilimwamkia, nikamwomba ruhusa, akanipa. Nilipiga picha nyingi. Katika moja, mzee ameinama, mkono mmoja umeshika patasi, mwingine umeinua nyundo, na mwanga wa upande umezichonga mbao na mishipa ya mikono yake pamoja. Nilijua papo hapo kwamba ndiyo picha yangu bora ya miaka mingi. Nilimwahidi mzee kwamba nitamletea nakala.

Nyumbani nilipoigeuza kuwa ya kijivu, niliona dosari. Pembeni, karibu na mguu wa mzee, palikuwa na dumu la plastiki la manjano. Nimekwisha waambia habari za manjano. Lile dumu lilitokea jeupe kama taa, na kila aliyeitazama picha alianza na dumu, kisha mzee. Nililitia giza, likabaki doa la kijivu lisiloeleweka. Usiku wa manane nikalifuta kwa kompyuta, nikapaweka mchanga. Ilinichukua kama dakika kumi. Kisha nikaituma picha, katika fungu la maisha halisi, nikiwa nimetia alama mahali palipoandikwa kwamba nimesoma masharti na kuyakubali.

Ikapata nafasi ya tatu. Sitawaficha, nilifurahi kama mtoto. Niliwaonyesha wenzangu ofisini, nikampigia simu kaka yangu. Baada ya wiki ikafika barua nyingine ya waandaaji: washindi wote watume picha zao za asili, kama zilivyotoka kwenye kamera, katika muda wa siku saba.

Hapa nirudi kwenye utumishi wa umma. Mwezi ule ule nilikuwa nimempa kijana mmoja wa idara yangu barua ya kujieleza, kwa sababu alibadili tarehe katika risiti ya safari. Ilikuwa tarehe tu. Kiasi cha fedha kilikuwa sahihi, na safari aliifanya kweli. Alijitetea kwamba alitaka hesabu zikae vizuri. Nami nilimwandikia, kwa Kiswahili kizito cha ofisini, kwamba hati ya serikali haibadilishwi ili ikae vizuri. Barua hiyo ilikuwa na sahihi yangu. Na jioni zile zile, nyumbani, nilikuwa naandika barua ya kuwaeleza waandaaji kwamba kadi ya kamera yangu imeharibika kwa unyevu wa pwani, na picha ya asili imepotea.

Sikuituma. Sitaki mdhani kwamba ni kwa ujasiri wangu. Siku mbili kabla ya muda kwisha nilikwenda Kunduchi kutimiza ahadi, nikiwa na picha iliyoshinda, imesafishwa vizuri kwenye karatasi kubwa, ndani ya bahasha. Nilimkuta mzee kivulini na mafundi wenzake wawili.

"Shikamoo mzee. Nimekuletea picha yako."

"Marahaba mwanangu. Kumbe uliikumbuka!"

Aliifuta mikono kwenye msuli, akaipokea, akaitazama kwa muda mrefu. Kisha akauliza, "Na dumu langu umeliweka wapi?"

Nikasema, "Nimelitoa, mzee. Lilikuwa linaiharibu picha."

Akawapa wenzake waitazame. Mmoja akacheka. Mzee akasema, bila hasira, "Mwanangu, ndani ya lile dumu mna mafuta. Pamba huchovywa mafuta, ndipo nikaisukuma katika upenyo wa mbao. Hapa umenionyesha naziba chombo kwa pamba kavu. Fundi akiiona hii atasema mzee huyu amechanganyikiwa, chombo cha watu kitazama." Akairudisha picha ndani ya bahasha, akanikabidhi. "Mikono ni yangu, lakini kazi hii si yangu."

Ndugu zangu, waamuzi waliobobea walikuwa wameitazama picha ile wasione kilichopungua. Mafundi watatu wa Kunduchi walikiona mara moja. Nilichokiita uchafu kilikuwa nusu ya kazi yenyewe. Sikujua, kwa sababu sikuuliza. Nilikuwa nimesimama na mzee muda wa saa nzima, nikamwuliza jina lake na umri wake, lakini sikumwuliza anafanya nini.

Usiku ule niliwatumia waandaaji picha ya asili, na barua fupi ya kueleza nililolifanya. Walinijibu kwa adabu. Jina langu liliondolewa katika orodha ya washindi, nami nikazuiwa kushiriki kwao kwa miaka miwili. Sikulalamika. Wenzangu ofisini niliowaonyesha ushindi niliwaambia pia habari ya kuondolewa, na hilo lilikuwa gumu kuliko barua yenyewe. Yule kijana wa risiti nilimwita, nikamweleza habari yote. Adhabu yake haikufutwa, maana sheria si mali yangu, lakini tangu siku hiyo tunazungumza kama watu wawili, si kama sahihi na barua. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Mimi naongeza kwamba akirudi mapema, hata kurudi kwake ni karibu.

Hatua mbili kushoto

Baada ya wiki tatu nilirudi Kunduchi na picha ya asili, yenye dumu lake. Mzee aliitazama, akahesabu kwa kidole: nyundo, patasi, pamba, dumu. Akasema, "Naam, sasa niko kazini." Nilimwomba nimpige tena. Safari hii nilimwuliza kila chombo ni cha nini. Kisha nikasogea hatua mbili kushoto na kuinama kidogo, na lile dumu likaja mbele ya goti lake, pamba ikining'inia mdomoni mwake. Halikuwa tena taa inayowaka pembeni. Lilikuwa mahali ambapo jicho linapaswa kwenda baada ya mikono. Kazi niliyoitaka kwa kompyuta usiku wa manane ilikuwa inataka hatua mbili za miguu asubuhi.

Mwaka 2021, muda wa kuzuiwa ulipokwisha, nilituma picha nne. Tatu zilikataliwa. Iliyokubaliwa ilikuwa hiyo ya mzee na dumu lake. Haikupata nishani, ni jina tu katika orodha ndefu ya waliokubaliwa. Ndiyo picha ninayojivunia, na nakala yake iko ukutani kwa mzee.

Tangu hapo nimefikiri sana juu ya mtu kama Malick Sidibé wa Bamako, aliyefariki mwaka 2016. Alipewa tuzo ya Hasselblad mwaka 2003, na Simba wa Dhahabu huko Venice mwaka 2007, kwa picha nyeusi na nyeupe za vijana wa mji wake. Lakini picha zile hazikupigwa kwa ajili ya Venice. Vijana wa Bamako walikuja studio kwake, au yeye akaenda katika dansi zao, kisha wakanunua nakala zao. Mwamuzi wa kwanza alikuwa mwenye sura. Nadhani mpangilio huo ndio sahihi, na mimi niliugeuza kichwa chini miguu juu.

Maneno kwa vijana

Wale miongoni mwenu watakaotaka kushindana, nawapa haya machache.

Kwanza, soma masharti ya fungu unaloliingia, yote, kabla ya kuchagua picha. Yako mafungu ya ubunifu ambamo kufuta na kuunganisha ni halali kabisa. Ukitaka kufanya hivyo, nenda huko kwa kichwa wazi. Lakini usipeleke kitu kilichotengenezwa na kompyuta peke yake ukakiita picha. Mwaka 2023 Mjerumani Boris Eldagsen aliikataa tuzo katika mashindano ya Sony, akaeleza kwamba picha yake ya wanawake wawili, yenye sura ya picha za zamani, ilitengenezwa kwa akili bandia, na kwamba aliituma ili kuwajaribu waandaaji. Walikuwa wameichagua. Kwa hiyo msitegemee kwamba macho ya waamuzi yatawalinda watu dhidi yenu. Anayejua ukweli wa picha ni aliyeipiga na aliyepigwa.

Pili, tunza picha zako za asili, na uandike ilikuwa wapi na lini.

Tatu, bandika picha zako ukutani kwa wiki mbili kabla ya kutuma. Ile inayokuchosha, itoe. Mwonyeshe mtu asiyekupenda sana, kisha umwonyeshe mtu anayeijua kazi iliyomo pichani.

Nne, omba ruhusa, timiza ahadi ya nakala, na uulize maswali. Mtu si mti wa mandhari.

Tano, ukikataliwa usilie. Sekunde chache za waamuzi watatu au watano si hukumu ya mahakama. Na ukikubaliwa, vile vile.

Ombi kwa wenzangu

Nimalizie kwa ombi. Leo asubuhi Mwalimu Mkuu alinifungulia kile chumba nyuma ya maabara. Sasa ni stoo ya madawati yaliyovunjika. Chini kabisa, nyuma ya rafu, nililikuta boksi la viatu la mwalimu wetu. Mchwa wamelila upande mmoja, lakini karatasi nyingi zimebaki, na penseli haifutiki upesi. Nimekuja na moja. Ni picha ya mlingoti wa bendera, nyeusi karibu yote. Nyuma yake kuna mwandiko wangu wa Kidato cha Pili: "Nilisahau kupima mwanga. Nilidhani hataona."

Mikanda bado inatengenezwa. Ilford HP5 Plus ipo, Kodak Tri-X ipo, dawa ya D-76 ipo. Mimi ninayo mashine ya kukuzia picha niliyoinunua kwa studio moja iliyofungwa mjini, nami nitaileta hapa kabla ya muhula ujao kuanza. Naomba wenzangu tuchange trei, taa, karatasi, na mlango usiopitisha mwanga. Mtungi upo sokoni. Shule itakapokuwa tayari, tuanzishe mashindano madogo ya ndani, kila muhula, yenye sharti moja tu: kila picha iletwe na asili yake, na nyuma yake kuandikwe kwa penseli, kwa mkono wa mwenyewe, kilichofanyika.